Udongo wa Mwezi katika Darasa la Custom

Kifungu cha ufahamu tunachokusudia kukihakiki hapa ni kifupi: kurasa mbili zilizopigwa chapa, maswali sita mwishoni, wala hakina jina la mwandishi. Kimekuwa kikipita mikononi mwa walimu wanaofundisha Kiswahili kwa watu wazima katika mtaa wa Custom, mjini Juba, nacho chaeleza habari za mitambo isiyo na mtu ndani iliyokwenda mwezini, ikachota udongo na kurudi nao duniani. Maandishi ya namna hiyo kwa kawaida hayapewi uhakiki. Wahakiki wetu hushughulikia riwaya, tamthilia na diwani. Kifungu cha darasani huonwa kuwa chombo cha kazi tu, sawa na chaki. Sisi twaona vingine. Mtu aliyejifunza Kiswahili kwa kusikia, na ambaye hana kitabu hata kimoja cha lugha hiyo nyumbani kwake, kifungu kama hiki ndicho fasihi yote aliyo nayo. Basi yafaa kisomwe kwa makini yale yale tunayowapa watunzi mashuhuri.

Msomaji asiyeijua Custom aelewe kwamba ni mahali pa soko na magari, na kwamba jina lenyewe, lau lingetafsiriwa, lingekuwa Forodhani. Hapo Kiarabu cha Juba ndicho kinachotawala; Kibari, Kidinka na lugha nyingine za nchi husikika kila upande; na Kiswahili huingia pamoja na malori ya barabara ya Nimule, pamoja na wafanyabiashara wa Uganda na Kenya, na pamoja na Wasudani Kusini waliokulia ukimbizini, wengi wao Kakuma. Tangu Sudan Kusini ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1916 na mia moja zaidi, yaani 2016, Kiswahili kimepata heshima mpya katika nchi hiyo, lakini heshima si sawa na matumizi. Wanafunzi wa Custom wanakijua Kiswahili cha bei, cha mzigo na cha safari. Hawajazoea kukitumia kwa habari ya elimu. Kifungu hiki kimethubutu kuwavusha mpaka huo, na hilo peke yake ni sababu ya kukihakiki kwa uzito.

Tuanze na sifa zake, maana anazo mwandishi huyu. Kwanza, hakuanzia mwisho. Waandishi wengi wa siku hizi, wakitaja udongo wa mwezi, huanza na Wachina kana kwamba hapakuwa na mtu kabla yao. Yeye ameanza na Luna 15 ya Warusi, iliyoanguka na kuvunjika mwezini tarehe 21 Julai 1969, saa chache kabla Wamarekani wa Apollo 11 hawajaondoka huko. Halafu amefika Luna 16, iliyotua Septemba 1970 katika uwanda uitwao Bahari ya Rutuba, ikatoboa ardhi kwa kekee kiasi cha sentimeta 35, ikarudisha gramu 101. Ndiyo mara ya kwanza mtambo usio na mtu kufanya kazi hiyo. Baada yake amezitaja Luna 20 ya 1972 na Luna 24 ya 1976, ambayo ilichimba hadi mita mbili hivi na kurudi na gramu 170. Kisha kimya cha miaka 44, hadi Chang'e 5 ya China iliporudi Desemba 2020 na gramu 1,731. Na baada yake Chang'e 6, Juni 2024, na gramu 1,935. Mpangilio huu ni mzuri. Unamwonyesha mwanafunzi kwamba elimu ina wazee wake.

Pili, na hapa twampongeza kwa moyo wote, amevipima vipimo vyake kwa mizani ya dukani. Gramu 101, asema, haifiki hata nusu robo ya sukari. Shehena ya Chang'e 5 ni kilo moja na robo tatu, kasoro kidogo. Mwanafunzi anayeuza sukari Custom hahitaji ufafanuzi zaidi. Mkono wake wenyewe unajua uzito huo. Laiti angeendelea kidogo na kutaja pia kwamba safari sita za Wamarekani zilizochukua watu, baina ya 1969 na 1972, zilirudi na kilo 382. Hapo mwanafunzi angeona mara moja tofauti baina ya mtambo na mtu: mtu hubeba gunia, mtambo hubeba kipimo cha mkononi, lakini mtambo hauhitaji chakula wala hewa, na ukipotea hakuna matanga.

Tatu, ametumia kitenzi *kutua* mahali pake. Hatudhani kwamba kuna lugha nyingi zilizo na kitenzi kizuri kama hiki kwa jambo hili. Ndege hutua tawini, jua hutua magharibi, mchukuzi hutua mzigo wake chini. Mwanafunzi wa Custom, ambaye kila siku huona watu wakitua magunia, amelielewa neno kabla ya kulifungua kamusi.

Sasa tuje kwenye mahali tunapokwaruzana naye.

Neno *udongo* limeonekana katika kifungu mara kumi na nne, na hata mara moja halikuelezwa. Kwa Mswahili, udongo ni kitu chenye maisha. Ndiyo ardhi ya kulima, ndiyo ya mfinyanzi, ndiyo inayokandikwa ukutani. Una maji, una mizizi iliyooza, una nyungunyungu. Kitu kilichorudishwa kutoka mwezini hakina hata kimoja cha hivyo. Ni mawe yaliyopondwa na vimondo kwa mamilioni ya karne, yakapondwa tena na tena, mpaka yakawa unga wenye ncha kali uliochanganyika na vipande vya kioo kilichoyeyuka na kuganda. Hakuna upepo huko wa kuzilainisha ncha zile, wala mto. Wataalamu wa Florida waliotangaza kazi yao mwaka 2022 walipanda mbegu katika vumbi lililoletwa na safari za Apollo. Mbegu ziliota, lakini mimea ilidumaa na kuonyesha dalili za taabu. Huo ndio udongo wa mwezi.

Yaelekea mwandishi angejitetea kwa kusema kwamba magazeti na redio zimekwisha likubali neno hilo. Ni kweli, nasi hatutaki kugombana na desturi. Lakini tukumbuke kisa kimoja ambacho, katika mtaa uitwao Forodhani kwa Kiingereza, kisingekosa wasikilizaji. Wanaanga wa Apollo 11 waliporudi Julai 1969, iliandikwa hati ya forodha kwa ajili ya Honolulu, nao wakaitia saini. Mahali pa kuondokea pakaandikwa mwezini, na mahali pa shehena yakaandikwa mawe na vumbi la mwezi. Huenda ilikuwa nusu mzaha, lakini karani aliyeijaza hati hiyo alichagua maneno kwa uangalifu kuliko waandishi wengi wa elimu. Mawe na vumbi, hakusema udongo.

Lugha yetu ina neno jingine ambalo twalipendekeza kwa walimu: *kifusi*. Kifusi ni kile kinachobaki nyumba ikibomoka, mchanganyiko wa mabonge na unga usiofaa kwa kilimo, ila kwa kujazia mashimo. Uso wa mwezi ni kifusi cha mwezi wenyewe. Mwalimu aweza kuliacha neno *udongo* katika kichwa cha habari, kwa kuwa ndilo watu wanalolijua, lakini katika maelezo aseme wazi kwamba udongo huu ni kifusi kilichosagika. Kwa mwanafunzi wa Juba haja ya kufanya hivyo ni kubwa zaidi, maana Kiarabu anachokijua kina neno *turab*, ambalo hubeba udongo na vumbi pamoja. Asipofafanuliwa, atadhani *udongo* wa Kiswahili nao una upana ule ule, na kesho atasema udongo umemwingia machoni.

Kosa la pili ni la sarufi, nalo si dogo kama linavyoonekana. Katika aya ya tatu mwandishi asema kwamba Luna 16 *ilitua*, mistari miwili mbele asema *akachimba*, kisha *ikapaa*. Mtambo mmoja umekuwa kitu, ukawa mtu, ukarudi kuwa kitu, yote katika aya moja. Kila mwalimu wa Kiswahili amekwisha fundisha mfano wa ndege: *ndege ametua* ni kiumbe, *ndege imetua* ni chombo. Upatanisho ndio unaotuambia kama kuna roho ndani. Sasa mitambo hii ya mwezini imetuletea mtihani wa kweli, kwa sababu yaenda, yachagua pa kutua, yachimba, yafunga mlango wa kasha lake na kurudi. Tendo ni la mtu, mtendaji si mtu. Wako wenzetu wanaoona kwamba roboti apewe upatanisho wa viumbe kama sungura na fisi wanavyopewa katika ngano. Sisi hatukubali. Sungura wa hadithi anapewa *a-* kwa sababu ana hila na ana hofu. Mtambo wa Luna ulikuwa na amri tu. Mwanafunzi aachwe asikie *ikachimba* na ashangae. Mshangao huo ndio habari yenyewe.

Twakubali kwamba jina la Chang'e laleta ugumu wa pekee. Chang'e katika masimulizi ya Wachina ni mwanamke aliyekunywa dawa ya uzima wa milele akapaa hadi mwezini, na huko ndiko makao yake. Kwa hiyo *Chang'e amekwenda mwezini* ni sentensi sahihi kabisa ya ngano, na *Chang'e 5 imekwenda mwezini* ni sentensi sahihi ya habari. Mwandishi angekuwa na nafasi nzuri ya kuwafundisha wanafunzi ngeli mbili kwa jina moja, akaipita. Na tuongeze hapa jambo dogo la kufurahisha: jina hilo, ambalo wasomaji wengi wa Ulaya hulikosea, Mswahili akilisoma kama anavyosoma *ng'ombe* hatakuwa mbali na Wachina wenyewe.

Tumefika kwenye kosa ambalo halivumiliki. Juu ya Chang'e 6 kifungu chasema kwamba ilitua *upande wa giza wa mwezi*. Hakuna upande wa mwezi ulio wa giza daima. Jua huangaza kote kwa zamu, na mtambo ule wa Juni 2024 ulichimba mchana kweupe. Kilicho kweli ni kwamba mwezi hutuelekezea uso mmoja tu siku zote, na upande wa pili hatuuoni kutoka duniani. Mwandishi amebeba kosa la lugha nyingine bila kulichunguza, ilhali Kiswahili kina neno lililo tayari, nalo ni *kisogo*. Mtu anayekutazama humwoni kisogo. Hakimaanishi kwamba kisogo chake kina giza. Chang'e 6 ilitua kisogoni mwa mwezi. Sentensi hiyo ni fupi kuliko ya mwandishi, ni ya kweli, na mtoto wa miaka sita aweza kuielewa.

Tena, neno *kisogo* lingemfungulia mwandishi mlango wa jambo alilolirukia kabisa. Mtambo ulio kisogoni hauwezi kuzungumza na dunia moja kwa moja, maana mwezi mzima umekaa katikati, kama vile mtu aliye nyuma ya Jebel Kujur asivyoweza kuonana kwa tochi na mwenzake aliye mjini. Ndiyo sababu Wachina walitanguliza setilaiti ya kupokezana habari, Queqiao 2, mwezi wa Machi 2024. Bila hiyo hapangekuwa na amri iliyofika wala picha iliyorudi. Katika kifungu cha ufahamu, ambacho kazi yake ni kumfanya mtu aulize *kwa nini*, kuacha sababu kama hii ni kumnyima mwanafunzi nyama na kumpa mchuzi.

Na mchuzi wenyewe umepungua chumvi katika aya ya tano, pale asemapo kwamba kutokana na udongo huo wataalamu *walijifunza mengi*. Mengi yapi? Tumesoma insha za wanafunzi kwa miaka, nasi twajua kwamba neno *mengi* ni mahali mwandishi anapojificha. Hapa hapakuwa na haja ya kujificha. Mawe ya volkeno ambayo safari za Apollo na Luna zilirudi nayo yalikuwa na umri wa zaidi ya miaka bilioni 3. Basi wengi walifikiri kwamba moto wa ndani ya mwezi ulizimika zamani sana, kwa kuwa mwezi ni mdogo na kitu kidogo hupoa upesi. Mawe ya Chang'e 5 yakapimwa, na majibu yaliyotangazwa 2021 yakaonyesha umri wa miaka bilioni 2 hivi. Maana yake ni kwamba volkeno ziliendelea kuwaka muda mrefu kuliko ilivyodhaniwa, na sababu ya joto lile kudumu imekuwa swali la mabishano. Mama anayeuza chai Custom anajua kwamba birika dogo hupoa kabla ya sufuria kubwa. Mwambieni kwamba limepatikana birika dogo lililokaa na moto kupita kiasi, nanyi mtaona kama hatauliza nani alilifunika.

Kuna faida nyingine ya umri huo. Wanaochunguza sayari hukadiria umri wa uwanda kwa kuhesabu mashimo ya vimondo: mashimo mengi, uwanda mkongwe, machache, uwanda mchanga. Lakini hesabu hiyo haina maana mpaka pawe na mahali ambapo umri wake umepimwa kweli kwa jiwe mkononi. Gramu chache kutoka uwanda mmoja husahihisha makadirio ya nyanda nyingine ambazo hakuna aliyezigusa. Kwa hiyo kilo moja na robo tatu si haba hata kidogo.

Tumeacha nyuma jambo ambalo kwa maoni yetu ndilo zito kuliko yote. Aya ya mwisho yasema kwamba udongo wa mwezi *umegawanywa kwa wanasayansi wa dunia* kwa sababu *ni mali ya binadamu wote*. Angalieni kauli ya kutendwa ilivyotumika. Umegawanywa na nani? Kwa nani hasa? Kauli ya kutendwa ni johari ya sarufi yetu, lakini pia ni pazia. Mwalimu hana budi kuwazoeza wanafunzi kulifunua kwa swali la *na nani*. Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 unakataza nchi yoyote kuutwaa mwezi, na unasema kwamba uchunguzi wake ni jambo la binadamu wote. Mawe yaliyokwisha letwa, hata hivyo, hukaa kwa aliyeyaleta, naye ndiye anayechagua wa kumwazima. Aprili 2025 China ilitangaza taasisi saba za kigeni zilizokubaliwa kuazimwa udongo wa Chang'e 5. Zinatoka Ufaransa, Ujerumani, Japani, Pakistani, Uingereza na Marekani. Ya Afrika haikuwamo hata moja.

Hatusemi haya ili kulalamika, wala hatumtaki mwandishi ageuze kifungu kuwa hotuba. Twasema tu kwamba mwanafunzi mtu mzima, aliyevuka mpaka mara nyingi na kulipa ushuru kila mara, anajua vizuri tofauti baina ya mali ya wote na mali iliyo ghalani mwa mtu. Akisomewa sentensi ile atatabasamu, na hapo mwalimu amepoteza imani yake kwa jambo lisilokuwa la lazima. Ingekuwa bora apewe habari ya soko, ambayo ndiyo elimu yake: vipande vitatu vidogo vya Luna 16, vyenye uzito wa kama sehemu mbili ya kumi ya gramu, viliuzwa kwa mnada New York mwaka 1993 kwa dola 442,500, na mwaka 2018 vikauzwa tena kwa dola 855,000. Twadhani darasa zima lingepiga hesabu ya bei ya kilo, na tarakimu za Kiswahili zingefundishwa bila shuruti.

Aidha, si kweli kwamba upande wetu wa dunia haumo kabisa katika habari za anga, kama kifungu kinavyodokeza. Tarehe 12 Desemba 1970, chini ya miezi mitatu baada ya Luna 16 kurudi, Wamarekani na Waitaliano walirusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilikuwa siku ya uhuru wa Kenya, na setilaiti hiyo ikaitwa Uhuru. Ndiyo ya kwanza duniani iliyoundwa mahususi kwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka nyotani. Jukwaa lilikuwa la Waitaliano na mashine ilikuwa ya Wamarekani. Letu lilikuwa bahari na jina. Lakini neno la Kiswahili lilikuwa angani kabla ya wengi wa walimu wa Custom hawajazaliwa, na kifungu cha Kiswahili kuhusu anga kingeweza kulitenga sentensi moja.

Maswali sita ya mwishoni hayahitaji maneno mengi. Manne yanaanza na *taja* na mawili na *ngapi*, na yote yaweza kujibiwa na mtu asiyeelewa lolote, mradi ana macho ya kutafuta tarakimu. Tungeyafuta manne na kubakiza mawili, kisha tukaongeza haya: kwa nini Chang'e 6 ilihitaji setilaiti nyingine na Chang'e 5 haikuihitaji? Katika sentensi *udongo umegawanywa*, mgawaji ni nani? Na la tatu, la kuandikia aya nzima: ungetumwa uchague mahali pamoja tu pa kuchota gramu 100 za ardhi ya Juba, ili mtu asiyepata kufika huko aijue, ungechota wapi, kando ya mto, mlimani, au sokoni Custom, nawe ungemwandikia nini karani wa forodha mahali pa shehena?